Nyie wa "sijali watu wanasema nini", kuna profesa kawapima na majibu sio mazuri

#1 Mchokonozi
Wakuu salama? Naingia moja kwa moja.

Kila nikipitia stetasi za watu nakuta "kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji". Asubuhi chura, jioni ng'ombe. Sasa kuna profesa wa saikolojia Marekani anaitwa Mark Leary, alifundisha chuo cha Wake Forest baadae akahamia chuo cha Duke, miaka na miaka kazi yake ni kuchunguza mtu anavyojiona, anavyoumia na anavyoishi na wenzake. Mwaka 2003 yeye na wenzake wakafanya uchokozi mmoja mzuri sana. Walitafuta wanafunzi wa chuo waliosema wenyewe kwamba maoni ya watu hayawagusi, wakatafuta na wale wanaokiri kuwa yanawagusa. Unaingizwa chumbani peke yako, unaongea kuhusu wewe mwenyewe dakika tano kwenye maiki, unaambiwa chumba cha pili kuna mtu anakusikiliza. Kila dakika ikiisha inatokea namba kwenye skrini, 1 mpaka 7, eti ndo kiasi gani huyo mtu angependa kukutana na wewe. Kuna waliopandishiwa namba, kuna walioona inashuka tu, nne, tatu, mbili. Na hapo bado unatakiwa uendelee kujielezea.

Chumba cha pili hakukuwa na mtu. Namba zilishapangwa.

Walioshushiwa walijiona hovyo, na wale wa "sijali" wakaporomoka sawasawa na wale wa "najali". Kwa hiyo mi nasema hivi: ng'ombe anamsikia chura vizuri tu. Angekuwa hamsikii asingemtaja kwenye stetasi. Anayebisha aje.

#2 Msomaji Kimya
Naweka kambi hapa.

#3 Jiwe Gumu
Mimi nabisha. Mimi ni mfano hai, toka niko mdogo sijawahi kujali mtu anasema nini kuhusu mimi na ndo maana nimefika nilipofika. Hao ni watoto wa chuo, bado hawajakomaa, unampimaje mtu wa miaka 19 afu useme umepima binadamu. Nimemaliza, na sirudi kwenye huu uzi.

#4 Bi Tulivu
#1 umenikumbusha kitu mpaka nimecheka peke yangu.

Nilijitoa grupu la ukoo la WhatsApp. Nilichoka, kila siku maneno maneno. Nikasema nimejitoa na sijali. Ikapita saa moja nikamtext mdogo wangu, "wamesemaje?" Akaniambia hamna aliyesema kitu. Nikamwambia nitumie picha ya skrini. Akatuma. Imeandikwa pale kwa herufi ndogo za kijivu kwamba nimeondoka, chini yake shangazi kaweka stika ya ua, "muwe na siku njema", chini yake mtu kauliza nani ana chaja ya kuazima.

Ningetukanwa ningelala vizuri. Ile chaja ndo iliniua.

#5 Dokta Feki
😂😂 #4 chaja. Namba yako ilikuwa haijashuka dada, ilikuwa haijawashwa kabisa.

#6 Mpenda Takwimu
Hiyo ya #4 ipo kwenye utafiti na ina jina zuri tu. Mwanasaikolojia Kipling Williams ametengeneza mchezo wa kompyuta unaitwa Cyberball. Mnarushiana mpira watatu, wawili baada ya muda wanakuacha, wanarushiana wenyewe. Basi, hakuna kingine. Na wazo alilipata mwenyewe kwenye bustani ya mapumziko, amekaa na mbwa wake, watu wawili wanarushiana kisahani, kikamwangukia, akarusha, wakamrudishia, wakacheza nae kidogo kisha wakamwacha kama vile hayupo. Mtu mzima, hawajui, hawamdai, na akaumia.

Toleo la kwanza la mtandaoni, 2000, lilikuwa na watu 1,486 wa nchi 62, kwa hiyo #3 sio watoto wa chuo tu. Na baadae wakajaribu kuwaambia watu kabisa kwamba hao wawili ni kompyuta, hakuna binadamu hapo. Wakaumia vilevile.

#7 Jiwe Gumu
Nimerudi mara moja tu kuweka rekodi sawa. Kuumia na mchezo wa kompyuta ni ujinga, hata kwenye draft mtu akinikula naumia. Haina uhusiano na kujali watu.

#8 Mchokonozi
#7 karibu tena mkuu 😁

#9 Fundi wa Geji
Ngoja niwaelezee kwa lugha ya gereji maana Leary mwenyewe analinganisha na geji ya mafuta. Nadharia yake ya 1995 anaiita sosiomita. Anasema ile hali ya kujithamini sio mafuta, ni geji. Mafuta ni kukubalika na watu. Ndani ya tanki kuna boya, mafuta yakishuka boya linashuka, mshale kwenye dashibodi unashuka, na wewe dereva unapata wasiwasi unaanza kuangalia kushoto na kulia kituo kiko wapi. Wasiwasi ndo kazi yenyewe ya ile geji.

Sasa mtu anasimama mbele ya kioo asubuhi, "mimi ni wa thamani, mimi ni mshindi". Huyo anasukuma mshale kwa kidole. Nimewahi kuletewa gari mshale unasoma nusu tanki, mwenye gari kalisukuma barabarani mpaka gereji, anaapa ana mafuta. Boya limekwama. Na kuna kinyume chake, tanki limejaa geji inasoma sifuri, mtu wa hivyo unampenda, unampigia, unamwambia, na bado anaona watu wote wamemchoka. Huyo kumuongezea mafuta hakumsaidii, unafungua tanki unaangalia boya.

#10 Mama Wawili
#9 hapo mwisho umemuelezea mwanangu wa kwanza. Asante.

#11 Kalamu Kavu
Naomba kuchepuka kidogo, lugha yetu haya mambo iliyaona zamani. Tunasema uso umeumbwa na haya. Sasa angalieni neno kuumbua. Funga, fungua. Ziba, zibua. Umba, umbua. Yaani aliyeumbuliwa mbele za watu sio kwamba kaaibika tu, kile kilichoumbwa kimefumuliwa. Uso wake umerudi kuwa udongo.

Na tofauti ya haya na aibu ni hiyohiyo geji ya #9. Haya inakushika kabla hujafanya, aibu inakukuta umeshafanya. Haya ni mshale unashuka taratibu, aibu ni gari limeshazima.

#12 Dokta Feki
#11 tukulipe karo, tumekaa darasani bure.

#13 Mpingaji wa Kudumu
Mnaruka sana na huyo Leary. Kuna mambo mawili. Kwanza, si ndo anaandika na yule mwanasaikolojia Baumeister ambae tafiti zake zilirudiwa zikagoma? Maabara 23 zimejaribu hazikupata kitu. Pili, kwa nini iwe kupendwa? Angalieni vizuri kinachouma ni kushushwa cheo. Mtu anaweza kukupenda sana afu akakudharau, na inauma. Nani hapa hajawahi kuambiwa "yule ni mtu mzuri sana, ila kazi hiyo mpeni mwingine".

#14 Mpenda Takwimu
#13 hilo la kwanza umechanganya. Maabara 23 za mwaka 2016 zilirudia jambo la nguvu ya utashi, kwamba ukijizuia sana utashi unachoka kama msuli. Hilo ndo la Baumeister lililogoma. Alichoandika na Leary 1995 ni kwamba binadamu ana hitaji la kuwa sehemu ya wengine kama alivyo na hitaji la chakula. Ni makala nyingine kabisa.

Hilo la pili una hoja, na haupo peke yako. Mahadevan, Gregg na Sedikides wanalo wazo kwamba kuna geji ya pili, ya cheo na heshima, na kujithamini kunasoma zote mbili. Wapo tena kina Greenberg, Solomon na Pyszczynski, toka 1986 wanasema yote haya ni hofu ya kufa, kujithamini ni ngao mtu anajifunika asiwaze kaburi.

#15 Dokta Feki
Yaani naachwa kwenye grupu la wasap kumbe naogopa kaburi. Saikolojia jamani.

#16 Refa Mstaafu
Habari wadau. Nimechezesha mpira miaka mingi naongea kwa uzoefu sio kwa vitabu. Uwanja mzima unakuita mwizi, unaimbiwa mama yako, nikitoka pale naoga nalala. Sijali ipo, inajengwa, msikatishe watu tamaa. Namuunga mkono #3.

#17 Jiwe Gumu
Asante refa. Mwenye akili kapatikana.

#18 Bi Tulivu
Shikamoo baba refa. Swali dogo tu. Yule kamisaa anayekaa jukwaani anakuandikia alama, akikupa alama mbaya ulikuwa unalala?

#19 Refa Mstaafu
Marahaba. Kamisaa ni kitu kingine.

#20 Refa Mstaafu
Nimekaa nikafikiria. Kuna mechi moja aliniandikia nilikuwa mbali na tukio. Neno moja tu, mbali. Ile mechi nilikimbia mpaka goti likavimba. Mpaka leo naweza kukutajia dakika ya tukio, ya 71, na nilikuwa nimesimama wapi. Matusi ya mashabiki sikumbuki hata moja.

#21 Mchokonozi
#20 mzee wangu umefungua uzi wangu upya. Leary na wenzake 1998 waliwauliza watu waeleze siku waliyoumizwa hisia, na wanaoumiza kwa kiasi kikubwa ni watu wa karibu, marafiki na wapenzi. Kwa hiyo labda "sijali" maana yake ni "simjali huyo". Kila mtu ana kamisaa wake jukwaani, uwanja uliobaki upige kelele tu.

Ila hapo hapo naanza kujipinga, maana mtu wa maiki kwenye post yangu alikuwa haonekani, hajulikani, na hayupo. Cyberball nayo ni wageni watupu. Kwa nini waliumia?

#22 Mama Wawili
Kwa sababu hawakuwa na mtu mwingine wa kumwangalia pale chumbani. Mtoto akiwa peke yake na mgeni, mgeni ndo mama.

#23 Msomaji Kimya
#22 hiyo sentensi 🙌 narudi kambini.

#24 Nesi wa Zamu
Mnaongea kuumia kuumia kama mfano wa maneno tu, ila 2003 kina Eisenberger, Lieberman na huyo huyo Williams waliwaweka watu kwenye mashine ya MRI wanacheza Cyberball, wakiachwa inawaka sehemu ya ubongo ambayo inahusika pia na maumivu ya mwili. Na 2010 DeWall na wenzake waliwapa watu parasetamo kila siku wiki tatu, wakaripoti kuumizwa hisia kidogo kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa.

NB: msiende kumeza parasetamo kwa sababu mtu hajajibu meseji. Ini ni lako.

#25 Dokta Feki
Umechelewa nesi nimeshameza mbili, ex kaona stetasi hajasema kitu.

#26 Mpingaji wa Kudumu
#24 hiyo ya mashine walikuwa watu 13. Kumi na tatu. Na hiyo sehemu ya ubongo inawaka hata ukishangaa, hata ukikosea hesabu. Ukiachwa kwenye mchezo bila kutegemea si lazima ushangae? Baadae wengine wakaangalia kwa undani zaidi, 2014, wakakuta maumivu ya mwili na ya kukataliwa yana michoro tofauti ndani ya ubongo japo yanakaa mtaa mmoja. Tusiuziane.

#27 Nesi wa Zamu
Sawa nakubali hiyo ya 13. Mtaa mmoja bado ni mtaa mmoja lakini.

#28 Ganzi
Mimi huwa sichangii, leo naomba. Wote mnaongea kama mtu akikataliwa lazima aumie. Mimi mwaka jana niliondolewa kazini kwenye kikao cha Zoom. Tulikuwa watu tisa. Meneja anaongea, mimi natakiwa niseme neno la kuaga. Nilivyoanza kuongea kamera zikaanza kuzimwa, moja, ya pili, sijui ni aibu yao au ni intaneti, mpaka nikabaki naongea na herufi za majina yao kwenye viboksi vyeusi. Sikulia. Sikukasirika. Nilimaliza nikafunga kompyuta nikaosha vyombo, nikaosha na vile vilivyokuwa visafi. Wiki mbili hivi sikuhisi kitu chochote, hata chakula hakikuwa na ladha. Kuna jina la hiyo?

#29 Mpenda Takwimu
#28 pole sana. Hiyo ipo, na ndo kitu kinachowagombanisha hao wataalam. Mwaka 2009 Blackhart na wenzake walikusanya tafiti 192 za kukataliwa wakazichambua kwa pamoja. Wakakuta aliyekataliwa ana hali mbaya kuliko aliyekubaliwa, ila kwa wastani haangukii huzuni, anaangukia katikati. Hana furaha, hana huzuni. Hiyo ganzi yako. Na kujithamini kwake hakukushuka ukimlinganisha na mtu ambaye hakufanyiwa kitu, isipokuwa aliyekubaliwa ndo kulipanda kidogo.

Ukikubali hiyo basi geji ya Leary inasoma ukijazwa, ukimwagwa haisomi. Lakini mwaka huohuo 2009 Gerber na Wheeler nao walichambua tafiti 88, wao wakakuta mood inashuka na kujithamini kunashuka. Uwanja mmoja, mwaka mmoja, magoli tofauti.

#30 Fundi wa Geji
Mi naona hiyo ganzi ni fyuzi. Umeme ukizidi fyuzi inakata ili waya zisiungue. Sio kwamba umeme haupo.

#31 Mpingaji wa Kudumu
#30 fundi kila kitu kwako ni gari. Fyuzi ni maneno matamu, onyesha ushahidi.

#32 Fundi wa Geji
Ushahidi ni #28 anaosha vyombo visafi.

#33 Ganzi
#32 😔 asante fundi. #29 asante.

#34 Kalamu Kavu
Mkataa wengi mchawi, wahenga walisema. Hapo kuna jibu la kwa nini geji iliwekwa. Mtu aliyetengwa na kundi zamani hakuwa amepoteza marafiki tu, alikuwa amepoteza ulinzi, chakula na mtu wa kumuuguza. Mwenye masikio mazito kwa kelele za wenzake hakuacha wajukuu wengi.

#35 Mpingaji wa Kudumu
Hadithi za zamani hazipimiki mkuu. Kila tabia unaweza kuitungia pori na simba.

#36 Mama Wawili
Turudi kwa watoto jamani. Shuleni kwa mwanangu wanawafundisha "jipende, wewe ni bora" kuanzia darasa la kwanza. Inasaidia au inasukuma mshale?

#37 Mpenda Takwimu
California walijaribu kiserikali kabisa. 1986 waliunda kikosi cha kukuza kujithamini, wakiamini kitapunguza uhalifu na kufeli shule. 2003 Baumeister na wenzake wakapitia tafiti zilizokuwepo, wakakuta kujithamini hakuleti maksi nzuri, mara nyingi maksi nzuri ndo zinaleta kujithamini. Alichokuja nacho mwanasaikolojia Kristin Neff, na Leary nae baadae akakichunguza, ni kitu kingine, kujionea huruma kwa maana nzuri, yaani ukikosea unajisemesha kama unavyomsemesha rafiki yako aliyekosea.

#38 Mama Wawili
Nitajaribu. Jana kamwaga maziwa akajiita mjinga kabla sijafungua mdomo. Hilo neno kalitoa wapi, halafu nikakumbuka nalitoa mimi nikipoteza funguo.

#39 Bi Tulivu
#38 kunyamaza kwangu ni salamu.

#40 Dokta Feki
Kwa faida ya tulio na aibu za kawaida, kuna ule utafiti wa mwanasaikolojia Gilovich wa mwaka 2000. Wanavalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji wanayemwonea aibu, Barry Manilow, wanaingizwa chumba chenye watu. Unamuuliza, wangapi wameona? Anasema nusu. Walioona ni kama robo. Kwa hiyo nusu ya vyura mnaowasikia hawapo.

#41 Mchokonozi
#40 leo umeongea point kwa mara ya kwanza toka ujiunge.

#42 Dokta Feki
Mkuu hiyo "kwa mara ya kwanza" imenigusa. Namba ilikuwa 6 imeshuka 3.

#43 Refa Mstaafu
Vijana, nimempigia yule kamisaa. Amestaafu nae. Nimemuuliza dakika ya 71. Haikumbuki hata mechi.

#44 Bi Tulivu
Baba refa 😭 umejisikiaje?

#45 Refa Mstaafu
Nimejisikia kama umeniambia kuna mtu anaulizia chaja.

#46 Jiwe Gumu
Mimi nilisema sirudi na sijarudi kusoma, nilikuwa napita tu. Ila kuna mtu kaniwekea dole la chini #3 na #7, na #17 hamna hata mmoja aliyegusa. Sio kwamba inanisumbua. Nauliza tu, ni nani?